Muvi za vita: ipi uiamini, na kwa nini moja ilikunyima usingizi

"Shikamoo mwalimu. Nina miaka 41, naishi Mwanza, na napenda muvi za vita tangu enzi za kibanda umiza. Ninazozirudia kila mwaka ni Saving Private Ryan, Black Hawk Down, Platoon, Hotel Rwanda na Eye in the Sky. Marehemu babu yangu alikuwa Keya, yaani askari Mwafrika wa jeshi la Waingereza, alipigana Burma. Nikiwa sekondari nilimkalisha tutazame Saving Private Ryan. Haikufika nusu saa akanyanyuka, akasema 'sivyo hivyo', na hakulizungumzia tena. Shemeji yangu, mwanajeshi mstaafu, anasema zote ni propaganda ya Wamarekani. Mwezi uliopita nikatazama Come and See ya Warusi. Sikulala vizuri karibu wiki nzima, na mimi damu ya kwenye skrini nimeizoea. Tena mwanangu wa miaka 10 ameanza kukaa pembeni yangu ninapotazama. Niamini ipi? Kwa nini hiyo ya Kirusi imenipiga hivyo? Na mtoto nimfukuze?"

Marahaba. Umeuliza maswali matatu, lakini nikisoma barua yako naona yote yanatoka kwenye shaka moja: huenda miaka yote hii umekuwa ukifurahia uongo, au mbaya zaidi, ukifurahia vifo vya watu. Kazi yangu ni kuhariri filamu na kufundisha uhariri, kwa hiyo nitakujibu kwa upande ninaoujua, yaani namna picha na sauti zinavyopangwa hadi mtu aliyekaa kwenye kochi Mwanza ajisikie yuko ufukweni Normandy.

Uongo mdogo tuumalize haraka, maana ndio watu hupenda kuutafuta. AK-47 hutema risasi kama 600 kwa dakika na magazini yake ya kawaida ina risasi 30, hivyo ukiing'ang'ania inakauka kwa sekunde tatu. Steringi wa muvi humwaga nusu dakika bila kubadili. Risasi ya bunduki husafiri kasi kuliko sauti yake, kwa hiyo anayepigwa kwa mbali huanguka kabla mlio haujafika. Kwenye filamu mlio na anguko huja pamoja kwa sababu sisi wahariri ndio tunaovipanga hivyo. Mtu aliyepigwa risasi harushwi nyuma mita tatu. Na zile ndimi za moto wa rangi ya chungwa kila bomu linapolipuka ni petroli, kwani kombora la mzinga kwa kawaida hurusha udongo na moshi mweusi. Haya shemeji yako anayajua kuliko mimi, na hayanikoseshi raha. Filamu inaweza kukosea bunduki zote ikasema kweli kuhusu vita. Inaweza pia kupatia kila kifungo cha sare na bado ikakudanganya.

Dhana inayohitaji kurekebishwa ni nyingine: kwamba kadiri damu inavyotapakaa, ndivyo filamu inavyokaribia ukweli. Tuchukue hiyo hiyo Saving Private Ryan ya mwaka 1998. Dakika zake 24 hivi za ufukwe wa Omaha huko Normandy, Ufaransa, Wamarekani walipotua kupigana na Wajerumani tarehe 6 Juni 1944, zilipigwa Curracloe, Ireland, na askari wengi unaowaona wakikimbia walikuwa wa jeshi la akiba la nchi hiyo. Steven Spielberg alitumia hata watu waliokatika viungo kweli ili majeraha yaonekane ya kweli. Lakini kilichokushika wewe hakikuwa damu. Ilikuwa shata ya kamera, yaani kile kilango kinachofunguka na kufunga ili kuingiza mwanga.

Kamera ya filamu hupiga fremu, yaani picha moja moja, 24 kwa sekunde. Kwa kawaida shata huwa wazi nusu ya muda wa kila fremu, yaani sehemu moja ya 48 ya sekunde. Mkono ukipunga ndani ya muda huo unaacha ukungu kidogo kwenye fremu, na ukungu huo ndio unaofanya jicho lione mwendo laini. Mpiga picha Janusz Kamiński aliibana shata, mahali pengine hadi robo ya kawaida. Kila fremu ikatoka kali, na mwendo ukakatikakatika. Mchanga unaporuka unaona chembe moja moja, na mtu anapokimbia anaonekana kushtukashtuka. Aliondoa pia utando unaopakwa kwenye lenzi, ili mwanga utawanyike na rangi zififie zifanane na picha za habari za wakati ule. Kamera ikashushwa kwenye kimo cha mtu aliyejiinamia. Kisha, katikati ya kelele zote, sauti inazama: kapteni amepigwa na bumbuazi, midomo inatembea mbele yake, wewe na yeye hamsikii kitu. Mwili wako haupambanui kwamba hiyo ni shata na kitufe cha sauti. Unapokea ishara za hatari, mapigo ya moyo yanapanda, na akili inatafsiri: hii ni kweli.

Ni ustadi mkubwa, na Oscar tano ilizozoa, zikiwemo za upigaji picha, uhariri na sauti, ilizistahili. Ila baada ya ufukwe, filamu inarudi kwenye njia unayoijua tangu kibanda umiza: kikosi kidogo, kila mtu na tabia yake, kazi moja ya kutimiza, na swali la nani atabaki. Rudia kipande cha mwisho wa vita ya ufukweni. Wanajeshi wawili waliovaa sare za Kijerumani wanatoka mikono juu, wanasema jambo kwa sauti ya kubembeleza. Wamarekani wanawapiga risasi, kisha wanatania. Hakuna maandishi ya kutafsiri chini ya skrini. Wale wawili wanaongea Kicheki, wanasema wao si Wajerumani na hawajaua mtu. Jeshi la Ujerumani pale Normandy lilikuwa na watu wengi wa mataifa mengine waliosombwa kwenda kupigana vita ya mwenye nguvu. Watazamaji wengi wamepita hapo mara kumi bila kujua kilichosemwa.

Siwezi kumsemea babu yako. Lakini fikiria mtu aliyechukuliwa Tanganyika akapelekwa Burma kumpigania mfalme wa Uingereza, anakaa mbele ya vita isiyo na mtu hata mmoja wa namna yake. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliteremka bonde la Kabaw mwaka 1944, katikati ya mvua za masika za Asia, kuelekea Kalewa kwenye mto Chindwin. Katika vita ya Burma, malaria, kuhara na maradhi mengine yalitoa watu mstari wa mbele wengi kuliko risasi. Vita yake ilikuwa kutembea, kubeba, kungoja, kuoza miguu, kisha dakika chache za risasi kutoka kwa mtu usiyemwona msituni. Hakuna mhariri anayeweza kuuza saa mbili za kungoja. Tunazikata. Vita ya kwenye filamu ni ile iliyobaki baada ya sisi kuondoa sehemu kubwa ya vita yenyewe, na aliyekuwepo huliona pengo hilo hata kama hawezi kulieleza. Tena wakati mwingine picha hugusa kidonda: Saving Private Ryan ilipotoka, idara ya maveterani ya Marekani iliweka namba ya simu kwa ajili ya wazee wao waliosumbuka baada ya kuitazama.

Sasa shemeji. Ana nusu ya ukweli. Wizara ya Ulinzi ya Marekani ina ofisi inayoshughulika na watengenezaji wa filamu. Ukitaka helikopta, meli au marubani wao, unapeleka mswada wa filamu, wanausoma, wanadai mabadiliko, na wasiporidhika hupati kitu. Black Hawk Down ya mwaka 2001 ilipata helikopta na marubani wao halisi, ndiyo maana zile helikopta zinaruka vizuri namna ile juu ya mji wa Morocco uliogeuzwa kuwa Mogadishu. Platoon ya mwaka 1986 ilinyimwa. Oliver Stone, aliyekuwa askari Vietnam mwenyewe, akaenda kuipigia Ufilipino kwa vifaa vya jeshi la huko. Kabla yake Francis Ford Coppola alikodi helikopta za serikali ya Marcos, rais wa Ufilipino wakati huo, kwa ajili ya Apocalypse Now, na mara nyingine zilikuwa zinaondoka katikati ya kazi kwenda kupigana na waasi. Kwa hiyo kati ya tano zako, moja ilisaidiwa waziwazi na jeshi na nyingine ilikataliwa na jeshi hilo hilo. "Zote" la shemeji limezidi kipimo.

Lakini msaada wa jeshi si mahali pekee upendeleo unapojificha. Mahali pa kuutafuta ni uso: nani anapewa uso, jina na muda wa kufa? Vita iliyosimuliwa na Black Hawk Down ilipiganwa tarehe 3 na 4 Oktoba 1993. Filamu inafunga kwa maandishi yanayosema zaidi ya Wasomali 1,000 walikufa na wanajeshi 19 wa Marekani. Baada ya hapo majina ya wale 19 yanapita, moja moja. Wale elfu wamebaki namba. Waigizaji wa nafasi kubwa za Wasomali hawakuwa Wasomali, na Wamalaysia ambao magari yao ya deraya yalikwenda kuwatoa Wamarekani usiku ule, mmoja wao akauawa, ni kama hawakuwepo. Kwa Mmarekani aliyempoteza kaka yake pale, filamu hiyo ni kumbukumbu ya haki. Kwa Msomali wa Eastleigh, Nairobi, ni filamu inayomwonyesha ndugu zake kama kundi linalokuja mbio kutoka kila uchochoro ili lipigwe. Wote wawili wana sababu. Mimi naiona kazi kubwa ya uhariri, na silali nikiiamini.

Na hapo kwenye Eastleigh ndipo kilipowekwa kisa cha Eye in the Sky, lakini ilipigwa Afrika Kusini, na mkazi yeyote wa Nairobi atakwambia mtaa wake haulindwi na wanamgambo wenye bunduki waziwazi barabarani. Hata hivyo naipenda zaidi ya unavyodhani, kwa sababu karibu saa nzima inakufanya umtazame mtoto mmoja anayeuza mkate kando ya ukuta, huku watu waliokaa kwenye viti nchi za mbali wakibishana kama kifo chake kinakubalika. Mtaa umekosewa, uso umepatiwa.

Hotel Rwanda nitaigusa kwa ufupi. Maneno "kisa cha kweli" mwanzoni mwa filamu maana yake ni kwamba kuna kitu kilitokea. Hayamaanishi kwamba kilitokea hivyo. Watu 1,268 walijihifadhi Hôtel des Mille Collines mwaka 1994. Sifa alizopewa meneja kwenye filamu zimepingwa vikali na baadhi ya walionusurika humo humo, na ubishi huo umeingia hadi kwenye siasa na mahakama. Ukitaka kuielewa Kigali ya siku zile, ongeza Sometimes in April ya Raoul Peck, iliyopigwa Rwanda kwenyewe, na Shooting Dogs, iliyopigwa kwenye shule ile ile ya ufundi ya ETO, Kigali, ambako watu waliachwa walinzi wa Umoja wa Mataifa walipoondoka tarehe 11 Aprili. Hiyo ya pili mwishoni inakuonyesha walionusurika waliofanya kazi kwenye filamu yenyewe. Zote mbili ni nzito. Usizitazame usiku mmoja.

Tuje kwa ya Kirusi. Come and See, ya mwaka 1985, ni ya Elem Klimov, na kisa chake ni cha Belarus mwaka 1943. Mmoja wa waliouandika mswada, Ales Adamovich, alikuwa msituni na wapiganaji akiwa kijana mdogo. Umeshangaa kwamba umeona damu nyingi zaidi kwingine na hukutikisika. Ndiyo, kwa sababu hii haikukupa hata kimoja kati ya vitu ambavyo mwili wako umezoea kupewa.

Muvi ya vita ya kawaida ina mkataba na mtazamaji: nitakutia hofu, kisha nitakupa njia ya kuitoa. Adui anatokea, steringi anajibu, unapumua. Hofu ikipata pa kutokea huwa raha, na ndiyo maana hujawahi kuwa mtu mbaya kwa kuifurahia. Mfaransa François Truffaut aliwahi kusema kwamba kila filamu ya vita huishia kuitetea vita, na nadhani alikuwa na maana hii: msisimko hauna msimamo. Kwenye Jarhead ya mwaka 2005 kuna onyesho la wanajeshi vijana wakitazama Apocalypse Now, filamu inayoilaani vita, nao wanashangilia helikopta zinaposhambulia kijiji huku muziki wa Wagner ukipigwa.

Klimov ameuvunja mkataba huo. Mvulana Flyora anaokota bunduki mwanzoni mwa filamu na kwa zaidi ya saa mbili haipigi kwa mtu. Mwishoni anaifyatulia picha ya Hitler iliyotupwa kwenye dimbwi, na kila anapofyatua, picha za habari zinarudi nyuma, majeshi yanarudi kinyumenyume, hadi Hitler anakuwa mtoto mchanga amepakatwa na mamaye. Hapo mvulana anashindwa kufyatua. Baada ya bomu kuanguka karibu yake, filimbi ya sikioni inaingia na haiondoki. Kwenye filamu nyingi filimbi hiyo hudumu sekunde kadhaa; hapa inafunika maneno ya watu kwa dakika nyingi, unabaki unasikia nusunusu kama yeye. Na watu wanatazama moja kwa moja kwenye lenzi, kitu tunachokatazwa shuleni, maana mtazamaji akitazamwa hawezi tena kujificha. Ghala linapoteketezwa na watu ndani, kamera haikati kukupeleka kwa mwokozi, kwa kuwa hakuna mwokozi. Maandishi ya mwisho yanasema vijiji 628 vya Belarus vilichomwa pamoja na wakazi wake.

Kwa maelezo hayo, kukosa usingizi siku kadhaa si ugonjwa na si ulaini. Hofu iliingizwa ikanyimwa mlango. Huwa inapungua yenyewe, na kuizungumza husaidia. Shemeji yako anaweza kuwa mtu mzuri kwa hilo kuliko mimi. Ila hapa niseme kwa uzito, ingawa si daktari. Kama picha hizo zinakurudia zaidi ya wiki chache, kama unashtuka kwa mlio wa pikipiki, unakwepa watu, au unakunywa ili ulale, nenda hospitali ya wilaya au ya mkoa uulizie huduma ya afya ya akili, uonane na mtu uso kwa uso. Na kama mtu wa nyumbani kwako amepita kwenye vita yenyewe, Kongo, Burundi, Rwanda au popote, usimwekee filamu hizi kama burudani ya jioni, wala usimshawishi "azoee". Akinyanyuka na kuondoka kama babu, mwache aende, mfuate baadaye kwa chai na si kwa maswali.

Mtoto wa miaka 10: ndiyo, mtoe, lakini usimfukuze. Saving Private Ryan huko Marekani ni R, maana yake aliye chini ya miaka 17 haingii sinema bila mtu mzima, na Come and See hata mtu mzima umeona ilivyokufanya. Mtoto wa umri huo hajui bado kuitenganisha shata na ukweli. Mbaya zaidi, anakutazama wewe unavyopokea, na ukicheka mtu anapolipuka anajifunza hapo hapo. Zima, mwambie wazi kwamba hii ni ya watu wazima na utamweleza akikua. Kisha siku nyingine tazameni pamoja video za namna filamu za vita zinavyotengenezwa, vile vifuko vya damu bandia na watu wanaoinuka wakijipangusa vumbi. Watoto huvipenda hivyo kuliko muvi yenyewe.

Umeuliza uamini ipi. Ukinibana nitaje moja, nitataja The Battle of Algiers ya Gillo Pontecorvo, ya mwaka 1966, juu ya Waalgeria waliopigania uhuru kutoka kwa Wafaransa. Si kwamba haina upande. Saadi Yacef, aliyekuwa kiongozi wa wapiganaji mjini Algiers, alishiriki kuitengeneza na akaigiza humo. Lakini tazama mwanamke anapoingia kwenye baa na bomu ndani ya mkoba. Kabla halijalipuka, kamera inapita kwenye nyuso za Wafaransa waliokaa pale, mmoja mmoja, pamoja na mtoto anayelamba aiskrimu. Na muziki ule ule wa maombolezo uliopigwa Waarabu walipofukuliwa kwenye kifusi unapigwa tena Wafaransa wanapofukuliwa kwenye chao. Mwenye upande wake amekubali kuwapa wafu wa adui nyuso na wimbo. Sijaona wengi waliothubutu hivyo.

Kuhusu vita ya babu, sinema imetupa kidogo sana. Objective, Burma! ya mwaka 1945 iliwaonyesha Wamarekani peke yao hadi Waingereza wakaja juu na filamu ikaondolewa London. Kuhusu Keya hakuna aliyepiga kelele. Kwa Waafrika wa upande wa Ufaransa yupo Sembène Ousmane na mwenzake Thierno Faty Sow, na Camp de Thiaroye ya mwaka 1988, juu ya askari waliorudi kutoka vitani wakadai malipo yao na kupigwa risasi na waliowatuma, tarehe 1 Desemba 1944. Itazame na shemeji. Kwa Keya wenyewe, jumba la makumbusho ya vita la Imperial War Museum jijini London lina picha za filamu zilizopigwa na wapiga picha wa jeshi walioandamana na Divisheni ya 11 huko Burma. Uliza nyumbani kama hati ya babu ya kuachishwa jeshi bado ipo, maana namba yake na batalioni yake huwa vimeandikwa humo, na ukiwa na batalioni ndipo utajua picha zipi za kutafuta.